Mjusi Arudi Mwambani

Miguu ya Mjusi iliongezeka saizi moja alipokuwa mjamzito, na haikurudi. Mwanzoni alidhani ni kuvimba tu, akangoja. Mtoto akazaliwa, akakaa, akatambaa, akaota meno sita, miguu bado ipo palepale, imejitanua kama mgeni asiyejua kuaga. Kazini haikumsumbua, maana yeye ni fundi wa makochi na karakana anashinda na kandambili. Lakini viatu vya kupandia mwamba, vile vyeusi vya kubana, viligoma kabisa. Siku moja baada ya kazi alikaa kwenye kochi la mteja ambalo hata sponji halijatiwa, akavuta, akasukuma, akajipaka poda ya mtoto visiginoni. Wapi! Vidole vilijikunja mle ndani mpaka machozi yakamtoka.

Basi akafanya ambalo angefanya fundi yeyote mwenye akili na hasira kidogo. Alivifumua ubavuni, akakata vipande viwili vya ngozi ya rangi ya damu ya mzee vilivyobaki kwenye kochi la daktari wa meno, akavipachika katikati, akapitisha mshono mara tatu kwa uzi wa kazi nzito. Alipovivaa vilimkaa vizuri. Alivitazama, akavivua haraka, akavificha chini ya marobota ya kitambaa, kwa sababu alikuwa bado hajaamua kama anataka vimkae.

Jina la Mjusi alipewa na wapandaji wenzake, kwa jinsi alivyokuwa akinata kwenye jiwe pale ambapo wanaume wenye vifua vipana walikuwa wanaporomoka mmoja baada ya mwingine. Karakana anaitwa Fundi. Nyumbani ni Mama Bosi. Kwa mama mkwe ni "mwanangu" mambo yakiwa mazuri, na "wewe" yakiwa si mazuri. Sisi tumwite Mjusi, maana habari yenyewe ni ya mwambani. Huyo Bosi ni binti yao wa miezi kumi na sita, na jina lilimjia lenyewe: anaamka atakapo, anakula atakapo, na akipiga kelele moja watu wazima wawili wanagongana mlangoni.

Mumewe ni mpima ardhi. Mtu mrefu, mtaratibu, anayepima kila kitu. Kitanda cha mtoto alikipima dukani, akakipima tena kilipofika nyumbani, eti barabarani vitu hubadilika. Walijuana kwenye kamba. Siku ya kwanza alipomshikia Mjusi kamba, alilitazama fundo alilofunga kiunoni, akaligusa, akasema, "Fundo lako zuri kuliko langu." Mjusi alikuwa amechoshwa na wanaume waliokuwa wakimfungua fundo ili wamfundishe kufunga. Akampenda hapohapo, na hakuona haya kusema.

Walikuwa na sheria moja ambayo wenzao waliiona ya kikatili. Anayeshika kamba chini haruhusiwi kumwambia aliye juu "pole". Hata kama amechubuka, hata kama anakoroma kwa maumivu. Mjusi ndiye aliyeileta. Alisema ukiambiwa pole magoti yanalegea, unajiona mgonjwa, unaanza kujihurumia wakati kazi bado mbichi. Kwa hiyo maneno ya chini yalikuwa mawili tu: endelea, au shuka. Pole zote ziliwekwa akiba mpaka miguu iguse ardhi, na hapo ndipo mtu alipewa zake kwa jumla.

Mimba ilipofika mwezi wa tatu Mjusi akaacha kupanda. Jioni ileile Mpima akatundika viatu vyake kwenye msumari uleule wa viatu vya mkewe. "Tukirudi tutarudi wawili," alisema. "Bila wewe mimi simo." Siku hiyo Mjusi alilia kwa furaha. Hebu niambie, mke gani asingelia?

Lakini neno tamu likikaa ndani muda mrefu linabadilika ladha. Mtoto alipozaliwa, Mjusi akaingiwa na woga ambao hakuwahi kuujua. Hakuwa akiogopa kuumia. Alikuwa akiogopa kile kitambo kifupi, kufumba na kufumbua, ambacho mtu yuko hewani na hajui kama kamba itamdaka. Akiwa anapigilia misumari kwenye fremu ya kochi, picha ilikuwa ikimjia: wao wawili mwambani, Bosi kwa bibi yake, simu inaita. Anatupa nyundo, anaenda kunywa maji. Hakumwambia mtu. Na angemwambiaje mumewe? Akisema "sipandi tena," basi na yeye hapandi tena, ameshaapa. Jioni nyingine alikuwa akimwona kupitia ufa wa mlango, amening'inia kwa ncha za vidole juu ya fremu ya mlango wa chumbani, macho amefumba, raha imemjaa usoni. Akisikia nyayo anashuka chapu na kujitia anakagua bawaba. Bawaba za nyumba ile zimekaguliwa kuliko za benki.

Ndipo Mwenyekiti akapiga simu. Huyu ni mzee wa kikundi cha wapandaji, mstaafu wa zimamoto, sauti yake haihitaji simu. Alisema wamepata wanafunzi wapya saba, vifaa havitoshi. "Kama hamrudi semeni, jamani. Kamba mnayo, mikanda mnayo, klipu mnazo, vinaota vumbi. Nipeni watu wavitumie."

"Jumapili tunakuja," Mpima alisema. "Tutakupa jibu hukohuko mwambani."

Akakata simu, akamtazama mkewe, asimwulize kitu. Na laiti angemwuliza! Mjusi alikwenda karakana, akafukua chini ya marobota, akavitoa vile viatu.

Jumapili asubuhi mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni hata kabla gari halijazimwa. Mpima ni kitinda mimba wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto amekula?"

"Amekula, mama."

"Na wewe umekula?" Hilo aliulizwa Mpima. "Umebeba sweta?"

"Mama, na jua lote hili?"

"Nimekuuliza umebeba."

"Nimebeba." Alikuwa hajabeba.

Kisha Mpima akatoa karatasi tatu zilizopigwa chapa, zimebanwa pini kwenye kona: saa za kulala, nyuzijoto za maziwa, aina za kilio na maana ya kila aina. Mama mkwe, aliyelea watoto wanne na wajukuu wasiopungua watatu, alivaa miwani yake, akasoma ukurasa wa kwanza bila haraka.

"Hapa umeandika akilia nimbebe."

"Ndiyo, mama."

"Ahsante kwa kunijulisha."

Mjusi aliuma midomo asicheke. Lakini mama mkwe alikunja zile karatasi, akazitia mfukoni, na sura yake haikuwa ya mzaha tena. "Sasa nisikilizeni. Nakaa na mtoto leo kwa sababu mmeniomba kwa adabu. Leo. Sijasema Jumapili nyingine. Mtoto mmoja, wazazi wawili, kamba moja, hayo mimi hayaniingii akilini. Kwa nini asiende mmoja, mwingine akabaki na mwanawe?"

"Mmoja hawezi kupanda, mama. Lazima awepo wa kumshika."

"Basi kaeni wote."

Bosi alichukuliwa mikono miwili, akaingizwa ndani, na hakugeuka kuwatazama. Waliingia garini, wakaenda mpaka lami ikaisha. Mjusi alikuwa anapiga hesabu zake: bibi akikataa, hakuna Jumapili, yeye akiogopa, hakuna mwamba, na mwanamume huyu aliyeshika usukani, anayepiga mluzi mdogo asiojua kama anaupiga, atarudi kukagua bawaba mpaka uzee. Yote yanamwangukia yeye. Alijisikia kuonewa, halafu akajisikia vibaya kwa kujisikia kuonewa.

Mwambani walipokewa kwa kelele. Mwenyekiti alimkumbatia Mpima, akamkumbatia Mjusi, akarudi nyuma kuvitazama viatu. "Umevaa kochi?" aliuliza. Wanafunzi saba wakacheka, na Mjusi akacheka nao, meno yote nje.

Mpima alitangulia kwenye njia nyepesi inayoitwa Ngazi. Alipanda polepole, anapapasa kila shikio mara mbili, na alipofika juu akatoa mguno mmoja wa mtu aliyevua viatu baada ya safari ndefu. Alishuka uso unang'aa. Mjusi aliuona uso ule, na badala ya kuchukua Ngazi na yeye, kama ambavyo mtu mwenye busara angefanya, akasema, "Mimi naenda Pua."

"Si tuanze na Ngazi?"

"Pua."

Pua ni njia inayopita chini ya jiwe lililotokeza nje, kwa hiyo kuna mahali mtu inabidi aegemee nyuma, mgongo hewani, apeleke mkono juu ya kitu asichokiona. Zamani Mjusi alikuwa akiipanda kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Mpima hakubishana. Aliligusa fundo lake, naye Mjusi akaugusa mkanda wake na breki ya kamba, kama walivyofanya siku zote. Akaanza.

Pete ya kwanza akaipita, ya pili akaipita. Kila akifika kwenye pete iliyopigiliwa jiweni alitundika klipu, akapitisha kamba, akasikia mlio wake mdogo, akaendelea. Viatu vilinata. Mwili ulikuwa unakumbuka. Alifika chini ya Pua, akatundika pete ya tatu, akajibanza, akapeleka mkono nyuma kiunoni kwenye mfuko wa chaki ili akaushe jasho. Mkono ukatoka na soksi.

Soksi ndogo, ya mguu wa kushoto, nyeupe kwa chaki. Bosi siku hizi ana kazi ya kupakia. Anapakia vijiko kwenye viatu, anapakia rimoti kwenye sufuria, na Ijumaa ile alikuwa ameupata mfuko wa chaki pale sebuleni. Mjusi aliitazama ile soksi kiganjani, mita kumi na moja kutoka ardhini. Ilikuwa na umbo la mguu bado.

Hapo kila kitu kikamtoka. Mguu wa kulia ulianza kutetemeka juu chini, juu chini, kama unakanyaga cherehani. Aliisukuma soksi ndani ya mfuko, akajikaza, akajaribu kuurusha mkono juu ya Pua bila kuegemea nyuma, yaani alijaribu kupita bila kupita, na vidole vikateleza.

Moyo ulimlipuka, paa! Akaanguka. Haikuwa mbali, urefu wa mtu na nusu hivi, kamba ikamdaka, akabaki ananing'inia. Chini Mpima alinyanyuliwa kidogo kutoka ardhini na uzito wa mkewe, akatua tena kwa vidole vya miguu.

Kwa sheria yao, hapo lilitakiwa neno moja kati ya mawili. Wanafunzi saba walikuwa wamenyanyua nyuso, wanasubiri kusikia wakongwe wanavyofanya. Na Mpima, mtu wa taratibu zake, akafungua kinywa.

"Pole! Pole mama, pole, pole jamani. Shii, shii. Imeisha, imeisha. Umeumia wapi? Baba yuko hapa, baba amekushika."

Mjusi alining'inia akisikiliza. Kisha akaona kwamba jiwe mbele yake linakwenda kushoto. Halafu linakwenda kulia. Kushoto tena. Akatazama chini kupitia katikati ya magoti yake. Mumewe alikuwa ameikumbatia kamba kifuani, mikono yote miwili imeifunga breki, na mwili mzima ukiyumba, mguu huu, mguu ule, mguu huu, mguu ule, kama afanyavyo kila siku na Bosi begani.

"Baba Bosi," aliita.

"Nipo, mama."

"Unanibembeleza?"

Mpima alisita. Akatazama miguu yake mwenyewe. Miguu ikasimama.

"Unanibembeleza kwenye kamba, mtu mzima mimi?"

"Miguu imeenda yenyewe!" alisema Mpima, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekamatwa na mkono kwenye sukari. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kupasuka. Mjusi alicheka mpaka akabinuka kwenye mkanda, kichwa chini miguu juu, machozi yanamtiririkia kwenye paji la uso. Alicheka hadi mbavu zikamuuma kuliko anguko lenyewe. Mpima naye alicheka mabega yakipanda na kushuka, lakini mikono yake pale kwenye breki haikulegea hata kidogo. Mjusi aliiona mikono ile.

Kicheko kilipoisha alijiweka sawa, akashika jiwe. Kifua kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu simu ya Mwenyekiti, na ule wepesi ukamtolea neno ambalo hakuwa amelipanga.

"Naogopa," alisema.

"Najua."

"Hujui. Naogopa kila siku. Naogopa hata nikiwa karakana. Nikishuka sasa hivi, wewe utaacha kupanda."

"Nitaacha."

"Umeona? Hiyo si haki, mume wangu. Uliniapia kiapo kizuri, nikakipenda, na sasa kimenikaa shingoni. Nikiogopa, naogopa kwa ajili yangu na kwa ajili yako. Nikipanda, sijui kama napanda kwa sababu nataka au kwa sababu nakuonea huruma na zile bawaba."

"Bawaba zipi?"

"Nakuonaga, wewe."

Wanafunzi walitazamana. Mwenyekiti aliwaashiria wasogee mbali, wakasogea hatua mbili na kutega masikio vizuri zaidi. Mpima aliinua uso, macho anayakunja kwa jua.

"Nilidhani nakupa heshima," alisema.

"Ulinipa. Ila ni nzito."

"Basi naifuta. Unasikia? Naifuta mbele ya watu. Shuka kama unataka kushuka. Mimi Jumapili nitakuja na Mwenyekiti, wewe utalala mpaka saa nne na mwanao. Nitakuja, nitapanda, nitafurahi." Akameza mate. "Njiani nitalia kidogo, lakini hiyo ni shauri yangu."

Mjusi aliegemeza paji la uso kwenye jiwe. Jiwe lilikuwa la moto. Alimpenda mtu yule kwa namna ambayo ilimuuma meno, na alikuwa huru kushuka. Aliupima ule uhuru, kushoto na kulia. Na hapo, kwa kuwa hakuna aliyemdai kitu, alikuta mkono wake wa kulia unautafuta ufa aliokuwa akiujua tangu zamani, ule mwembamba wa kuingiza vidole vitatu, upande wa chini wa Pua.

"Kaza kidogo," alisema.

"Endelea," alisema Mpima.

Kuanzia hapo siwezi kukuelezea sana, kwa sababu hata yeye hakuweza kueleza. Vidole vitatu vilizama ufani. Kisigino kikapanda. Akaegemea nyuma, mgongo hewani, akapeleka mkono juu mahali asipopaona, na shikio lilikuwa palepale, pana kama mkono wa kochi. Akajivuta. Kulikuwa na jiwe, na baada ya jiwe kulikuwa na jiwe lingine, na kila moja lilikuwa na swali lake, naye alikuwa na jibu. Mguu hapa. Sasa hapa. Pumua. Uzi wa kazi nzito ulishika. Mahali pamoja alikwama, akarudi hatua, akajaribu kwa mguu mwingine, akacheka peke yake. Pete ya nne, ya tano, ya sita. Kisha mnyororo wa juu, na hakuna jiwe lingine tena.

Alitundika klipu ya mwisho, akageuka, akaketi kwenye kamba. Mbele yake kulikuwa na mashamba, paa za mabati za mji, moshi mwembamba wa kiwanda. Alihisi kuna kitu kimepungua. Alijipapasa: mkanda upo, fundo lipo, mfuko upo. Akatafuta tena. Kisha akajua, na damu ikamwenda usoni. Tangu chini ya Pua mpaka pale alipoketi hakuwa amemfikiria Bosi hata mara moja. Hata kwa upande wa jicho. Kwa miezi kumi na sita mtoto yule hakuwahi kutoka kichwani mwake, usingizini wala bafuni, na leo alikuwa ametoka, na yeye hakusikia hata mlango.

"Nimemsahau mwanangu," aliliambia jiwe, na hakujua kama anataka kulia au kuimba.

Aliposhushwa chini alipewa pole zake zote kwa jumla, Mpima akamkumbatia na vumbi lake. Zamu ya Mpima ilipofika, Mjusi alishika kamba, na mara mbili alijikuta yeye mwenyewe anayumba, mguu huu, mguu ule, akajiwahi kabla Mwenyekiti hajaona. Walipokuwa wanakunja kamba, Mwenyekiti aliuliza, kwa adabu isiyo yake, kama aje kuvichukua vifaa kesho.

"Mwenyekiti," alisema Mjusi, "utangoja mpaka kope ziote mvi."

Ndani ya gari walikwenda kitambo kabla Mjusi hajaweza kulisema. "Nilimsahau."

"Nani?"

"Bosi. Nilipokuwa juu. Kabisa."

Mpima alibadilisha gia. "Dakika ngapi?"

"We mtu, najuaje? Kama kumi."

"Mimi kumi na mbili," alisema Mpima taratibu. "Nilitazama saa."

Wakatazamana, wakacheka kwa aibu. Kisha kila mmoja akamwona bibi akilini, amesimama mlangoni, na lile swali ambalo lazima angeuliza. "Mama asijue," alisema Mpima. "Akijua tu, basi, Jumapili zimekwisha. Akituuliza, tulimkumbuka sana."

"Sana," alikubali Mjusi.

"Kila dakika."

"Usizidishe, atashtuka."

Walimkuta Bosi amekaa sakafuni jikoni katikati ya mifuniko ya sufuria, anaigonganisha. Aliwatazama, akacheka na meno yake sita, akarudi kwenye mifuniko yake. Mjusi alipiga magoti, akamnusa shingoni. Bibi alikuwa kwenye sinki amewapa mgongo, anasuuza chupa ya maziwa. Alimwuliza mwanawe kama lile sweta lilimtosha. Mwanawe akasema lilimtosha. Kisha akafunga bomba, akageuka, akifuta mikono.

"Mlimkumbuka?"

"Sana, mama!" alisema Mpima, upesi mno. "Kila dakika."

Bibi hakumtazama. Alimtazama mkwe wake. Mjusi alikuwa na uongo wake tayari mdomoni, mdogo, safi, walioukubaliana. Lakini macho ya yule mwanamke yalikuwa yamechoka na yalikuwa yanauliza kwa kweli, na alikuwa amewashikia mtoto siku nzima. Asingeweza.

"Hapana, mama," alisema. "Nilimsahau. Kama dakika kumi hivi. Nilikuwa juu, nikamsahau kabisa kama sina mtoto. Nilipomkumbuka niliona haya, na nilifurahi. Nisamehe, mama."

Mpima alifumba macho. Mifuniko iliendelea kugongana. Mama mkwe alivuta kiti, akakaa, akalikunja lile taulo mara mbili juu ya goti lake.

"Dakika kumi," alisema.

"Ndiyo, mama."

Akamwelekezea kidole mwanawe, mwanamume mzima wa miaka thelathini na sita, mrefu kuliko friji, kamba begani. "Mimi huyu sijamsahau hata siku moja. Tangu walipomweka mikononi mwangu mpaka leo asubuhi. Nikila, nawaza kama amekula. Mvua ikinyesha, nawaza yuko wapi." Akalikunja taulo tena. "Nimechoka, mwanangu."

Mpima alisimama palepale na kamba yake, hajui atazame wapi. Mjusi aliuchukua mkono wa mama mkwe, nao ulikuwa bado baridi kwa maji ya bomba. Kisha bibi akauvuta mkono wake, akainuka, akarudi kwenye sinki.

"Jumapili mleteni saa moja," alisema, akifungua bomba. "Saa mbili kama leo ni kuchelewa, jua linakuwa limeshapanda."